Vidonge Pacha vya Kukhu

"Boss, unanunua dawa ama unaioa?"

Swali lilitoka nyuma yangu, kwa mwendesha boda aliyekuja kutafuta dawa ya kikohozi, na foleni yote ndani ya kemisti ikaangua kicheko. Sikugeuka. Nilikuwa bado na maswali.

Nilikuwa nimemwuliza mwenye kemisti kama ile dawa ya sukari aliyoniwekea mezani ni ileile anayotumia nyanya yangu. Akasema ni ileile. Nikamwuliza, kama ni ileile, mbona boksi si lile. Akasema kampuni ni nyingine. Nikataka kujua kampuni hii iliijuaje siri ya kampuni ile. Hapo akavua miwani. Alikuwa mama wa makamo, mpole sana, na kuvua miwani ndiko kulikuwa kupiga kelele kwake.

"Kijana, hakuna siri. Kampuni ya kwanza ilivumbua hii dawa, ikapewa haki ya kuiuza peke yake kwa miaka fulani. Haki hiyo ndiyo hataza. Sasa hataza imeisha, na wengine wameruhusiwa kutengeneza. Ndiyo maana bei imeanguka. Hii inaitwa jeneriki. Si bandia. Imepimwa, imesajiliwa, inafanya kazi sawa na ile."

"Sawa kabisa, ama sawa tu hivi hivi?"

"Ssebo," akaingilia mama mmoja mfanyabiashara kutoka upande wa Uganda, mzigo wake wa vitenge ukiwa kati ya miguu yake, "mwache daktari apumue. Huyo nyanya yako atapona mwenyewe kabla hujalipa."

Nikalipa, nikatoka. Nilipofika kwenye barabara ya malori nikarudi kuuliza kama joto la mfukoni linaweza kuharibu vidonge.

"Haya, bwana harusi amerudi," akasema yule wa boda. "Bibi harusi amemshinda."

Wasiwasi wangu haukuanzia kemisti. Nilikuwa nimehitimu shahada ya kemia, sina kazi, na nimerudi nyumbani Busia kuishi na nyanya yangu, ambaye sisi humwita Kukhu kama wanavyoitwa nyanya wengi wa Kiluhya. Mtu mwenye kemia kichwani na hana pa kuipeleka huwa hatari kidogo. Nilikuwa nikisoma maandishi ya nyuma ya pakiti za unga. Nilikuwa nikilala nikifikiria chumvi.

Kukhu ana ugonjwa wa sukari. Alianzishiwa dawa nyingi na daktari wake, lakini iliyomkubali ni moja ambayo huitoa sukari mwilini kwa njia ya mkojo. Ilikuwa kidonge kidogo cha pinki, chenye umbo la yai, kwenye boksi lenye maandishi ya kung'aa. Hiyo ndiyo iliyokuwa orijino, na bei yake ilikuwa ya kukaa chini kwanza. Baba mkubwa, anayeishi Nairobi, ndiye aliyekuwa akiituma kila mwezi kwa sababu bima ya kazi yake ilimhudumia hata mama yake. Kisha kazi yake ikaisha, na boksi za pinki zikaanza kuchelewa. Baba yangu, ambaye hushughulikia karatasi za malori kule Malaba na hurudi nyumbani wikendi, akanipa pesa na kuniambia niende kuulizia ile jeneriki ambayo watu walikuwa wakiizungumzia.

Na haikuwa jambo la kujaribu tu. Mwaka mmoja Kukhu alikuwa amekaa muda bila dawa. Alipata kidonda mguuni kikakataa kupona, na macho yakamfifia hadi akawa anamfukuza mbuzi wa jirani kwa kumwita mbwa. Alisalimika, lakini sote tulikumbuka. Kwenye kabati la vyombo vya wageni kulikuwa na boksi moja la mwisho la vidonge vya pinki. Likiisha, na kama Kukhu atakikataa hiki kidonge cheupe nilichonunua, tungerudi kwa kidonda na kwa mbuzi.

Nilipomkabidhi, alikishika kidonge cheupe kwa vidole viwili, akakinusa. Akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Kisha akakigonga mezani na kuinama kukisikiliza.

"Kimenyamaza," akasema.

"Kukhu, ni kidonge. Kilitakiwa kusema nini?"

"Kitu orijino hujisema, mume wangu."

Kukhu huniita mume wake tangu nizaliwe, kama nyanya wengine wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na akiniita hivyo kwa sauti ya chini najua nimeshindwa. Isitoshe, nilikuwa nabishana na mtaalamu. Maisha yake yote alikuwa akivusha bidhaa mpakani: betri, sabuni, sufuria, vitenge. Katika mji wetu kila kitu kina orijino na kina ndugu yake wa kando, na mchuuzi asiyeweza kuvitofautisha hadumu sokoni hata msimu mmoja. Kukhu aliweza kutofautisha betri kwa kuilamba. Sasa akakilamba kidonge.

"Hiki ni bandia, ni cha kuchapa," akatoa hukumu.

Nikaamua kumweleza hataza. Nilikuwa nimesoma habari zake kwenye simu hadi macho yakaniuma, na nilijua kwamba mfano mzuri hushinda maelezo marefu.

"Kukhu, chukulia kwamba mandazi hayakuwapo duniani. Mama mmoja hapa Busia akayavumbua. Alihangaika, akaharibu unga mwingi, akaungua mikono, mwishowe yakakubali. Sasa chifu akasema: kwa kuwa umehangaika, hakuna mwingine atakayekaanga mandazi kwa miaka kadhaa. Utauza peke yako."

"Na anayetaka mandazi?"

"Ananunua kwake."

"Kwa bei gani?"

"Bei anayotaka yeye."

"Huyo chifu," akauliza, "yeye alikula mandazi ngapi?"

"Si hongo, Kukhu, ni sheria. Ni kumtia moyo anayevumbua, ili kesho avumbue chapati."

"Na mwenye njaa leo?"

Hapo nikakwama kidogo, kwa sababu ndilo swali lilelile ambalo watu wenye suti wamekuwa wakigombania dunia nzima, na wao hawakuwa wakiangaliwa na Kukhu. Nikaruka mbele. "Cha muhimu ni kwamba ile miaka imeisha. Kila mtu anakaanga."

"Wamefundishwa na nani?"

"Mama mwenyewe alitakiwa aeleze anavyokaanga alipopewa haki yake. Hilo ndilo lilikuwa sharti. Kwa hivyo dawa iliyo ndani ni ileile. Kinachobadilika ni rangi, umbo, na vile vitu vya kujazia, kama wanga na chaki."

Nilipotamka neno la mwisho nilijua.

"Chaki!" Kukhu alisimama. "Umesoma miaka yote hiyo uje kunilisha chaki?"

"Hata kile cha pinki kina vitu vya kujazia, Kukhu!"

"Cha pinki hakijawahi kunitukana."

Nilitoka nje nikazunguka nyumba. Kuku walinipisha. Nilifikiria mfano wa redio nikauona una matundu, nikafikiria wa mbegu za mahindi nikaona utatuingiza kwenye ugomvi wake wa zamani na jirani. Kisha nikamsikia Kukhu ndani akiongea na simu, akisema "pacha wangu" kwa sauti ile anayoitumia kwa watoto wake wawili, yaani baba yangu na baba mkubwa, na mfano ukanijia wenyewe, mkamilifu, usio na tundu hata moja.

Nikaingia nikapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Kukhu. Hivi vidonge ni pacha."

Akaniangalia.

"Mmoja alitangulia kutoka, mwingine akafuata. Tumbo ni moja, damu ni moja. Sura zimetofautiana kidogo tu, kama baba na baba mkubwa."

Uso wa Kukhu ulifunguka kama dirisha. Alichukua kile kidonge cheupe kutoka mezani, akakipangusa kwa leso yake mahali alipokilamba. "Pacha," akasema taratibu. "Mbona hukuniambia hivyo tangu mwanzo? Unanisimulia habari za chifu na mandazi."

Siku ile nilijiona mtu wa maana. Nilitembea hadi njia ya Alupe na kurudi nikiwa nimeinua kidevu. Nilifikiria kwamba huenda kazi yangu duniani ni hii hasa, kuwaeleza watu sayansi kwa mifano.

Wiki ile haikuisha kabla Kukhu hajaanza kwenda chooni mara kwa mara. Mwanzo sikujali, kwa kuwa dawa yenyewe kazi yake ni hiyo. Lakini ziara zikazidi. Alikuwa akianza kumwambia mgeni "karibu" na kumalizia akiwa nje. Alikunywa maji kwa jagi. Sisimizi walijipanga njia nzima ya kuelekea chooni kama malori ya Malaba yanayongoja kuvuka. Kisha asubuhi moja aliinuka kutoka kwenye kiti, akashika ukuta, na kusema nyumba imegeuka.

Kichwa changu hakikungoja. Ile dawa nyeupe ilikuwa bandia. Ilikuwa ya kuchapa kweli, Kukhu aliijua kwa ulimi, na mimi na shahada yangu ndio tuliomshawishi. Nilimlaza, nikampa maji, nikaita boda. Njiani nilitunga hotuba. Ilianza kwa "Mama, nilikuuliza waziwazi," na ilikuwa na sehemu ya machozi.

Nilipoingia kemisti, mwenye kemisti alivua miwani kabla sijafungua kinywa. Nilitoa hotuba yote. Alinisikiliza hadi nikafika kwenye sisimizi.

"Sisimizi ni ishara nzuri," akasema. "Dawa inatoa sukari. Ingekuwa chaki tupu wangekuja kufanya nini?"

Hilo sikuwa nimelifikiria, mimi ambaye nimefikiria kila kitu.

"Lakini maji yanamwisha, na hiyo si nzuri. Anakunywa vidonge vingapi?"

"Kimoja asubuhi."

"Umemwona?"

"Yeye ni mtu mzima, daktari."

"Umemwona?"

Sikuwa nimemwona. Kukhu hunywa dawa zake kabla sijaamka, kwa sababu mimi huchelewa kulala nikifikiria chumvi. Mama yule akanipa maagizo: Kukhu asimeze kingine siku ile, anywe maji ya kutosha, nimlete apimwe presha na sukari. Nikamleta kwa boda, mimi na mwendeshaji tukimshikilia kama gunia la mayai. Vipimo vikatoka vizuri kuliko nilivyoogopa. Presha ilikuwa imeshuka kidogo, basi.

"Mama," mwenye kemisti akamwuliza, "hii dawa unakunywa namna gani?"

"Vizuri," Kukhu akajibu kwa heshima. "Huyu wa pinki, na huyu mweupe. Pamoja."

"Pamoja?" nikasema.

Kukhu alinigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na kizunguzungu. "Si ulisema ni pacha? Nitamlishaje mmoja nimnyime mwingine?"

Mwenye kemisti, ambaye alikuwa mtu wa huku huku, alivaa miwani yake na kuangalia pembeni. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Mimi nilikaa chini kwenye benchi la wagonjwa. Nilikuwa nimekulia katika nyumba ya pacha na bado niliusahau msingi wa nyumba yenyewe. Kwetu, ukimnunulia pacha mmoja shati, unanunua mashati mawili. Ukimsalimu mmoja, unamsalimu na wa pili. Anayewabagua atababuka ngozi, na hakuna mafuta ya kemisti yatakayomsaidia. Kukhu alilea pacha hadi wakaota mvi bila kubabuka hata kidole, na hakuwa na mpango wa kuanza uzeeni kwa sababu ya vidonge.

Nyumbani nilijaribu kila njia.

"Tuwape zamu. Leo wa pinki, kesho mweupe."

"Pacha hawali kwa zamu."

"Basi tumalize wa pinki kwanza."

"Na mweupe akae akitazama?"

"Kukhu, lile neno pacha nilikosea. Tuseme ni binamu."

"Umeshasema pacha mbele ya nyumba," akanijibu. "Hayo si maneno ya kurudisha kama chenji."

Alikuwa ameketi na boksi zote mbili mapajani, kila moja kwenye paja lake. Kisha akasema jambo ambalo lilinifanya niache kutafuta mifano.

"Huyu wa pinki ni wa baba yako mkubwa. Yeye ndiye amekuwa akinitumia. Huyu mweupe baba yako ndiye ametoa pesa. Nikimwacha wa pinki, yule wa Nairobi atasema mama amemwacha kwa sababu hana kazi. Nikimkataa mweupe, baba yako atasema nini?"

"Watasema upone, Kukhu."

"Hujazaa pacha wewe. Piga simu. Waseme wenyewe."

Nikawapigia wote wawili kwa pamoja na kuweka sauti juu. Baba alikuwa Malaba, na honi za malori ziliingia kwenye mazungumzo kabla yake. Baba mkubwa alijibu kutoka Nairobi kwa sauti ya mtu aliyekuwa amelala mchana na hataki ijulikane. Nikawaeleza hali yote: vidonge, choo, kizunguzungu, na kwamba mama yao anahitaji ruhusa yao ili ameze kimoja tu.

Kisha baba mkubwa akauliza, "Hiyo ya pinki ndiyo ilitangulia kutoka?"

"Ndiyo."

"Basi hiyo ndiyo mimi. Mimi ndiye orijino."

"Wewe?" baba akapiga kelele, sijui ni kwa ajili ya malori au kwa ajili ya ndugu yake. "Wewe ulitangulia kwa sababu nilikupiga teke!"

"Unasikia wivu wa jeneriki, Mama?"

"Afadhali jeneriki inayopatikana kuliko orijino ya kuonekana Krismasi!"

"Mimi niko na boksi linang'aa."

"Boksi tu! Ndani hakuna kitu, hata kazi huna!"

Baba alijisikia mwenyewe alichosema. Hata malori yakawa kama yamesita. Kukhu alifunika boksi la pinki kwa kiganja.

"Ni kweli," baba mkubwa akasema baadaye, na mzaha ulikuwa umemtoka. "Mama, nilikuwa nakwambia imechelewa njiani. Haijachelewa. Siwezi kuinunua tena. Bei ya ile orijino imenishinda kabisa, nikaogopa kukwambia."

"Mimi nilijua," Kukhu akasema. "Ndiyo nilikuwa naimeza polepole, isiishe."

Alikuwa amebana lile boksi la mwisho muda wote huo, kisha akaanza kulimaliza haraka, kidonge kila siku, kwa ajili ya mfano wangu.

"Hiyo nyeupe," baba mkubwa akauliza, "ni pesa ngapi?"

Baba akamwambia. Upande wa Nairobi ukatoa mluzi.

"Hiyo tu? Hiyo hata mimi bila kazi naweza kutoa nusu. Mama, sikiliza. Tutanunua nyeupe sisi wawili, mimi nusu, yeye nusu. Kila kidonge kitakuwa cha wote wawili. Utakuwa umelisha pacha kwa kijiko kimoja."

Kukhu alifikiri. Nilimwona akilikagua wazo lile kama alivyokagua betri, akilinusa, akiligonga. "Na hivi vya pinki vilivyobaki?"

"Tumia kwanza, kimoja kwa siku, viishe," baba akasema. "Nimemruhusu. Akimaliza kula aondoke mezani."

"Nani aondoke mezani?" baba mkubwa akauliza.

"Wewe!"

Wakaanza tena. Kukhu alinipa ishara nikate simu, kwa sababu wakianza huwa hawamalizi na muda wa maongezi ulikuwa wangu.

Vidonge vya pinki viliisha baada ya majuma machache, na nyumba haikugeuka tena. Siku ya kwanza ya boksi jeupe lililonunuliwa na watu wawili niliamka mapema kwa makusudi. Kukhu alikuwa mezani na glasi ya maji. Alikiweka kidonge kwenye kiganja, akakitazama kwa muda, akasema, "Wote wawili, karibuni," akakimeza.

Kilikuwa na mstari katikati, kikiwa kimegawanyika nusu mbili zinazolingana kabisa, na mimi nilikuwa na swali kubwa kuhusu nusu ipi ilikuwa ya nani. Nililimeza pamoja na chai.